Hayati Benedicto Kiwanuka: Mkalimani Aliyekuwa Jaji Mkuu

Nkubu ni mji mdogo wa Imenti Kusini, kwenye barabara itokayo Meru kuelekea Chogoria, Chuka na Embu. Una soko, shule, hospitali ya misheni ya Consolata, na una mahakama. Mtu akiketi katika mahakama kama hiyo asubuhi moja tu, ataona jambo ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tungepaswa kulitazama zaidi ya tunavyolitazama. Mzee anasimama kizimbani na kutoa ushahidi kwa Kimeru. Mkalimani aliye kando yake anayageuza maneno hayo kuwa Kiswahili. Hakimu anasikiliza, kisha anayaandika kwa Kiingereza. Ushahidi umepita katika lugha tatu kabla haujakauka kwenye karatasi, na yule anayeushika katikati haonekani na mtu kuwa ni wa maana. Hakimu akiingia watu husimama. Mkalimani huingia kimya kimya na faili zake kwapani.

Makala haya yanakusudia kusimulia maisha ya mtu aliyeanza kazi ya sheria akiwa pale pale katikati, akaishia kwenye kiti cha juu kabisa cha mahakama za nchi yake, na kati ya ncha hizo mbili akapigiwa kura na kuwa kiongozi wa serikali. Huyo ni hayati Benedicto Kiwanuka wa Uganda.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tumevuka mpaka ilhali nyumbani hakukosekani watu. Ni kweli. Wameru wana Njuri Ncheke, baraza la wazee walioamua kesi za ardhi, mifugo na damu muda mrefu kabla ya hakimu wa kwanza wa serikali kufika, na ambalo wajumbe wake huteuliwa na wenzao kwa kuchunguzwa mwenendo wao, bila karatasi ya kura. Mwaka 2021, Martha Koome, binti wa Meru, alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, baada ya kuhojiwa hadharani kama Katiba ya 2010 inavyotaka. Na ng'ambo ya Mto Tana, kwa majirani zetu wa Kitui, alitoka Kitili Mwendwa, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo nchini Kenya, aliyeuacha mwaka 1971, akachaguliwa mbunge mwaka 1984 na kufa katika ajali ya barabarani mwaka uliofuata. Mwendwa alianza na kiti cha ujaji kisha akaomba kura. Kiwanuka alianza na kura kisha akapewa kiti cha ujaji. Katika maisha ya Kiwanuka, hata hivyo, vitu hivi viwili vilikutana kwa namna iliyomgharimu uhai, na ndiyo sababu tumemchagua.

Benedicto Kagimu Mugumba Kiwanuka alizaliwa tarehe 8 Mei 1922 katika kijiji cha Kisabwa, Masaka, katika jimbo la Buddu la ufalme wa Buganda. Yafaa tusimame kidogo hapa Buddu, maana pasipo kulielewa jimbo hili siasa zote za Kiwanuka zitaonekana kama fumbo. Mwaka 1892 Waganda Wakatoliki na Waganda Waprotestanti walipigana vita. Waprotestanti, waliosaidiwa na bunduki za Kapteni Lugard, walishinda, wakajitwalia sehemu kubwa ya utemi na vyeo vya ufalme. Wakatoliki waliachiwa Buddu. Tangu wakati huo cheo cha Katikiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka, kilishikwa na Mprotestanti baada ya Mprotestanti, hata ingawa Wakatoliki walikuwa wengi.

Msomaji anayetoka Meru anaweza kulipima jambo hili kwa kipimo cha nyumbani. Kwetu pia wamisionari waligawana nchi: Wamethodisti Kaaga, Waskoti Chogoria, Consolata Nkubu na Igoji. Mgawanyo huo uliamua mtoto angesoma shule gani na mgonjwa angelazwa hospitali gani. Kule Buganda uliamua pia nani angetawala. Kijana Mkatoliki wa Masaka, asiye na damu ya kifalme wala jamaa mkubwa ikuluni, alijua mapema kwamba kuna milango ambayo asingefunguliwa.

Mwaka 1942 Kiwanuka alijiunga na jeshi. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimepamba moto, na Waingereza walihitaji watu. Alitumikia Kenya, Misri na Palestina, akapanda hadi cheo cha sajini meja. Tunapenda kukumbuka, sisi wa chama hiki, kwamba katika vikosi vile vya Afrika Mashariki Kiswahili kilikuwa lugha kuu ya kambini; Mganda, Mkamba, Mmeru na Mnyamwezi walisikilizana kwacho. Kiswahili hicho cha kijeshi hakikuwa na sarufi ya kupigiwa mfano, lakini kilifanya kazi.

Aliporudi mwaka 1946 aliajiriwa na Mahakama Kuu ya Uganda akiwa mkalimani na karani, akakaa huko hadi mwaka 1950. Miaka hii minne wasimulizi wengi huipita mbio ili wafike kwenye siasa. Mwandishi wa makala haya anaona kuwa ndiyo iliyomtengeneza. Mkalimani wa mahakama haruhusiwi kuongeza wala kupunguza. Akisema shahidi kwamba alimwona mtu, mkalimani hawezi kusema alimtambua, maana baina ya kuona na kutambua mtu anaweza kunyongwa. Hana ruhusa ya kumwonea huruma mshtakiwa, wala ya kumpendeza jaji. Isitoshe, siku baada ya siku Kiwanuka alishuhudia majaji Wazungu, watumishi wa dola iliyoitawala nchi yake kwa mabavu, wakilazimika kumwachia mtu huru kwa sababu tu hati fulani haikutiwa sahihi au ushahidi haukutosha. Dola ilikuwa na nguvu zote, na bado ilifungwa na utaratibu wake yenyewe. Mtu mwingine angeliona hilo kuwa unafiki wa mkoloni. Kiwanuka, kwa kadiri matendo yake ya baadaye yanavyoshuhudia, aliliona kuwa ni silaha.

Hakuwa na elimu ya kutosha kuingia chuo cha sheria, hivyo ilimbidi aanzie mbali. Mwaka 1950, akiwa tayari mtu mzima, alisafiri hadi Roma, huko Basutoland ambayo leo ni Lesotho, akasoma katika Chuo cha Pius XII kilichoanzishwa na Kanisa Katoliki. Mwaka 1952 alikwenda London, akasoma sheria katika University College, na mwaka 1956 akakubaliwa kuwa wakili kupitia Gray's Inn. Karani aliyekuwa akibeba faili sasa alirudi Kampala na haki ya kusimama mbele ya majaji wale wale na kuwajibu.

Uwakili wake wa kujitegemea haukudumu. Chama cha Democratic Party, au DP, kilikuwa kimeasisiwa katikati ya miaka ya 1950 na Wakatoliki waliochoshwa na kubaguliwa, hasa baada ya Matayo Mugwanya kukikosa cheo cha Katikiro mwaka 1955. Mahasimu wao walikifanyia mzaha kwa kusema kwamba herufi zake zilisimamia dini ya Papa. Kiwanuka alichaguliwa rais wa chama hicho mwaka 1958. Alijitahidi kukitoa kanisani na kukipeleka nchi nzima, kikiwa na wito wa ukweli na haki. Alifaulu kwa sehemu tu. Sifa ya Ukatoliki ilikiganda chama kama kupe.

Uchaguzi wa Machi 1961 ndio uliomtia Kiwanuka katika historia, na ndio uliomtilia doa pia. Waingereza walitaka kupata serikali ya wananchi ambayo wangeikabidhi nchi. Lukiiko, baraza la ufalme wa Buganda, lilihofia kwamba katika Uganda moja yenye bunge moja Kabaka angegeuka pambo. Likaamuru Waganda wasusie uchaguzi. Waganda wakatii: walioandikishwa kupiga kura katika ufalme mzima walikuwa asilimia chache tu ya waliostahili, na waliothubutu walitishwa, wengine wakakatiwa migomba na mibuni yao. DP ilikataa kususia. Kwa kura hizo chache ikazoa karibu viti vyote vya Buganda. Hesabu ya nchi nzima ilipofungwa, chama cha Uganda People's Congress, au UPC, cha Milton Obote, kilikuwa na kura nyingi zaidi lakini viti 35. DP ilikuwa na kura chache zaidi na viti zaidi ya 40.

Je, ulikuwa ushindi wa haki? Wapo wanaoshikilia kwamba kiongozi mwenye busara angeyatazama yale masanduku matupu ya Buganda na kutafuta mapatano na Kabaka kabla ya kukalia kiti. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Kiwanuka alifikiri kama mtu wa mahakama: kanuni ziliwekwa, kila mtu alizijua, aliyesusia alisusia kwa hiari yake, na aliyeshinda ameshinda. Kwa mantiki hakuna pa kumshika. Kwa siasa, alikuwa ametia kidole katika mzinga wa nyuki.

Mnamo Julai 1961 akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopata serikali ya ndani, akawa Waziri Mkuu wa kwanza. Kwa Waganda wengi hilo lilikuwa tusi. Mukopi, mtu wa kawaida, mzaliwa wa kijiji cha Masaka, atawezaje kukaa juu ya Kabaka? Chama cha Kabaka Yekka, ambalo maana yake ni Kabaka pekee, kilizaliwa kutokana na ghadhabu hiyo, na kikaungana na UPC ya Obote, muungano wa paka na panya uliokuwa na shabaha moja tu, kumwondoa Kiwanuka. Katika mazungumzo ya katiba ya London mwaka 1961, Buganda ilipewa haki ya kuwateua wabunge wake kupitia Lukiiko badala ya kura ya moja kwa moja. Uchaguzi wa Lukiiko wa Februari 1962 ulipofanyika, Kabaka Yekka ilijinyakulia viti 65 kati ya 68. Aprili ukafuata uchaguzi wa bunge, DP ikashindwa, na Kiwanuka mwenyewe akakosa hata kiti cha kuketi bungeni. Uganda ilipopandisha bendera yake tarehe 9 Oktoba 1962, aliyesimama mbele akiwa Waziri Mkuu alikuwa Obote. Kiwanuka alikuwa ametawala kwa muda usiotimiza mwaka.

Miaka iliyofuata tunaweza kuisimulia kwa kifupi. Paka na panya walikosana, kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1966 jeshi la Obote, chini ya Idi Amin, lilishambulia ikulu ya Mengo, na Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia Uingereza, alikofia mwaka 1969. Baadhi ya wabunge na viongozi wa DP walihamia upande wa serikali, akiwamo Basil Bataringaya, katibu mkuu wa chama. Kiwanuka hakuhama. Mwaka 1969 alikamatwa, na Desemba ya mwaka huo vyama vya upinzani vikapigwa marufuku baada ya Obote kupigwa risasi na kujeruhiwa. Mtu aliyeamini utaratibu wa sheria kuliko kitu chochote akawa mfungwa wa serikali ya nchi aliyoiongoza.

Aliyemfungulia alikuwa Amin. Tarehe 25 Januari 1971 jeshi lilipindua serikali, na siku chache baadaye wafungwa 55 wa kisiasa wakaachiliwa mbele ya umati uliojaa shangwe, Kiwanuka akiwa miongoni mwao. Tarehe 27 Juni 1971 Amin alimteua Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza, na raia wa kwanza wa Uganda, kukalia kiti hicho. (Hiyo ilikuwa wiki chache tu kabla ya Mwendwa kukiacha kiti kama hicho hapa Kenya. Historia ina mizaha yake.)

Kwa nini alikubali? Swali hili huulizwa kwa ukali na vijana wanaomjua Amin wa baadaye. Ikumbukwe kwamba katikati ya mwaka 1971 Buganda yote ilikuwa ikishangilia. Amin alikuwa ameurudisha mwili wa Kabaka kutoka Uingereza ukazikwa kwa heshima. Mtu ambaye ametoka gerezani kwa mkono wa mwanajeshi huyo angeweza kuamini kwamba naye ataheshimu mahakama. Hata hivyo dalili zilikuwapo. Tayari mwaka ule wa 1971 serikali ya kijeshi ilikuwa imetoa amri ya kuwapa askari uwezo wa kuwakamata raia, na wanajeshi Waacholi na Walang'i walikuwa wakiuawa kambini. Kiwanuka alikuwa wakili. Asingeweza kukosa kuisoma amri ile. Mwandishi haoni njia ya kumtetea hapa isipokuwa kwa kusema kwamba huenda alidhani ni afadhali kiti kile kikaliwe na mtu anayejua kusoma.

Tunafika Septemba 1972. Mwezi uliotangulia Amin alikuwa amewapa Wahindi wenye uraia wa Uingereza siku 90 waondoke nchini. Tarehe 17 Septemba wafuasi wa Obote walivamia kutokea Tanzania, wakashindwa. Kampala ilijaa vizuizi vya askari, na watu wakatoweka ovyo. Katika siku hizo Mwingereza mmoja aliyeitwa Stewart alikamatwa na wanajeshi, na mawakili wakaenda Mahakama Kuu kuomba amri ile ambayo huitwa kwa jina lake la Kilatini, habeas corpus. Maana yake ni nyepesi kwa kusema na nzito kwa kutenda: aliyemfungia mtu amlete mwili wake mbele ya jaji na aeleze ni kwa sheria gani anamshikilia. Akishindwa kueleza, mfungwa aende zake.

Kesi ilimfikia Jaji Mkuu mwenyewe. Angeweza kuiahirisha. Angeweza kumpa jaji mwingine, au kutafuta kasoro ndogo katika hati na kuitupa nje. Mtu aliyekuwa karani wa mahakama kwa miaka minne alizijua kasoro za hati kama anavyozijua vidole vyake. Badala yake aliamua kwamba kushikiliwa kwa mtu yule hakukuwa halali na kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumzuia. Jambo la kuzingatia ni kwamba aliyeokolewa hakuwa ndugu wala mwanachama wa DP. Alikuwa raia wa taifa lililomtawala Kiwanuka, katika mwezi ambao kumtetea Mwingereza kulitosha kumfanya mtu aitwe msaliti.

Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha waliovaa kiraia waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamtoa Jaji Mkuu ofisini mwake, wakampeleka nje na kumtia katika gari. Ilikuwa mchana mweupe. Makarani waliona. Wakalimani waliona. Hakuna aliyerudi kumwona tena akiwa huru, na inakubalika kwamba aliuawa kabla ya mwezi kwisha, ingawa mwili wake haukupatikana kamwe. Serikali ilikana kwamba ni watu wake waliomchukua. Wanahistoria wengine wanaitaja hukumu ya Stewart kuwa ndiyo iliyomuua. Wengine huongeza kwamba Amin alimshuku kuwa na mawasiliano na kambi ya Obote. Sababu hizo mbili hazipingani. Dikteta mwenye hofu ya uvamizi na jaji asiyetikisika wangegongana tu, kama si kwa kesi hii basi kwa nyingine.

Hakuwa peke yake. Bataringaya, yule aliyekihama chama, naye aliuawa mwezi huo huo, jambo linaloonyesha kwamba kuhama hakukumwokoa mtu. Mwezi wa Oktoba alitoweka Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Januari 1973 akauawa Padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Kikatoliki la Munno. Katika miezi isiyozidi mitano nchi ilikuwa imenyang'anywa jaji, mwanachuoni na mwandishi.

Kiwanuka aliacha mjane, Maxencia, na watoto. Mjukuu wake mmoja, Mathias Kiwanuka, aliyezaliwa Marekani, alipata umaarufu wa namna nyingine kabisa kwa kucheza kandanda ya Kimarekani katika timu ya New York Giants. Wapenzi wa michezo humjua mjukuu na hawamjui babu. Nchini Uganda, idara ya mahakama ilianzisha mwaka 2018 mhadhara wa kumkumbuka, unaofanyika mwezi wa Septemba. Majaji huhudhuria wakiwa wamevaa majoho.

Familia ilipata mhadhara, kaburi haikupata. Kwa desturi za Waganda, mtu asiyezikwa hajamaliza kuondoka, na mrithi wake hubaki akingoja. Hati ile ambayo Kiwanuka aliitia nguvu kwa ajili ya mgeni, inayomtaka mwenye kumshikilia mtu amlete mwili wake mbele ya jaji, kwa upande wake yeye haijajibiwa hadi leo.